Magurudumu ya Upande wa Kulia

Siku Melis alipoondoka asirudi, mkewe Zuura alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Alimsikia akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kifuniko cha kopo. Akamsikia akipiga teke matairi ya nyuma, moja moja, kama alivyofanya kila asubuhi tangu baridi ianze. Kisha Melis akasukuma dirisha la jikoni, akaingiza kichwa na kofia yake ya manyoya.

"Nakwenda mjini," alisema. "Nikirudi mtanicheka au mtanisifu, sijui lipi."

"Funga dirisha," Zuura akamwambia. "Baridi inaingia."

Alilifunga. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho.

Mchana theluji ya majimaji ilianguka juu ya mlima wa Boz-Bel, ulio kati ya mji na kijiji. Lori moja likateleza na kukingama barabara kuu, magari yakapanga foleni nyuma yake. Jioni baridi ikakaza yale majimaji yakawa barafu, na alfajiri theluji kavu ikamwagika juu ya yote kama unga juu ya kinu. Kulipokucha, mama yake Melis alimimina chai kwenye bakuli la mwanawe, akaliweka mahali pake kwenye kitambaa cha chakula. Chai ikapoa hapo.

Kapteni Burulkan wa upelelezi aliyajua hayo yote kwa sababu Zuura alimweleza mara mbili, bila kubadilisha neno. Majira ya baridi yalikuwa yamefika katikati. Jalada la Melis lilikuwa limeletwa mezani kwake ili alipitie, atie sahihi, lifungwe. Lilikuwa jembamba. Luteni Dooron wa trafiki, aliyeshughulikia jambo hili tangu mwanzo, alikuwa ameandika mwishoni: ameondoka kwa hiari yake, inadhaniwa yuko Urusi.

Burulkan hakutia sahihi. Alimwita Dooron, mtu mzima mwenye mashavu mekundu na mzaha usiokwisha, akamwekea picha mezani.

"Kaka Dooron, nieleze hii."

"Hiyo ni njia ya zamani, kapteni, pale inapochepuka kutoka barabara kuu upande wa mjini. Inazunguka bega la mlima inatokea kijijini kwao. Barabara kuu ikiziba, wenye haraka huichukua, wenye akili hungoja. Picha niliipiga mwenyewe kwa simu siku ya pili, kwenye ukingo wa mwamba ambapo theluji kavu haikufika."

"Na hizi ni alama za gari lake?"

"Kashata zile zile. Angalia." Dooron alitumia kalamu kama fimbo ya mwalimu. "Tairi la theluji lina kashata, haya matuta ya mpira, zilizopangwa kama mikono miwili imenyooshwa. Mikono hufunguka kuelekea gari linakokwenda. Sasa tazama picha ukiwa kama unaingia mlimani. Mstari wa kulia, mikono inafunguka ndani, mlimani. Mstari wa kushoto, inafunguka nje, mjini. Maana yake aliingia, akaona hali mbaya, akageuka, akatoka. Upande wa kijijini nilikwenda pia. Hakuna gari lililotokea huko."

"Halafu?"

"Halafu nini? Wiki ile aliuza farasi. Kapteni, mwanamume wa Kirgizi akiuza farasi wakati wa baridi, ama anaoa ama anakimbia. Na mke anaye tayari."

Burulkan hakucheka. Aliisogeza picha karibu na dirisha.

"Hapa ni kwenye kona," alisema. "Kwenye kona matairi ya nyuma hukata ndani, ya mbele yanaacha alama zake peke yake. Kwa hiyo naona mbele kushoto, mbele kulia, na mistari miwili laini ya nyuma. Minne. Kama aliingia na kutoka, ningeona minane."

"Alikanyaga pale pale alipopita. Njia ni nyembamba."

"Alikanyaga pale pale kwa upande wa kushoto, akafuta alama zote za kwanza. Upande wa kulia hakugusa hata moja." Burulkan aliinua macho. "Kaka Dooron, gari hili lilirudi kwa mguu mmoja?"

Dooron alijikuna shingo. "Magari ya siku hizi yana mambo," akasema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Walikwenda kijijini wote wawili.

Mama Uulkan, mama yake Melis, aliwakalisha mahali pa heshima, mbali na mlango, akamega mkate bila kuuliza walichofuata. Bakuli la Melis lilikuwa bado pale, safi, limepinduliwa. Zuura alimimina chai. Alikuwa amevaa kitambaa chenye maua mekundu kichwani, na Burulkan aliona majirani wawili waliokuwa wanatoka wakikitazama kile kitambaa kabla ya kuaga.

"Wanataka kuona nitavaa rangi gani," Zuura alisema mlango ulipofungwa. "Nikivaa nyeupe ya msiba, wataniambia namtakia kifo mume aliye hai. Nikivaa nyekundu, wataniambia sina haya, mume kakimbia na mimi najipamba. Jana mmoja kaniuliza kama kule Urusi keshapata watoto."

"Zuura," mama mkwe alimkanya.

"Si ameuliza, mama? Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nikamwambia akanywe chai kwake."

Burulkan alimgeukia Zuura. "Mdogo wangu, yule farasi aliuzwa kwa ajili ya nini?"

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Alisema farasi hula nyasi hata asipopandwa." Zuura aliweka birika chini. "Afande, mimi sitaki mengine. Nataka kujua jambo moja. Kama ameniacha, nitaondoa vitu vyake nirudi kwetu. Kama amekufa, nimlilie. Siwezi kukaa hapa na machozi yamesimama kooni kama mfupa. Kumlilia mzima ni uchuro."

"Aligombana na mtu?"

Mama Uulkan ndiye aliyejibu.

"Na kaka yake. Maneno ya ndugu tu."

"Lini?"

"Kwenye arobaini ya baba yao. Msimu wa majani kuanguka."

Kaka mtu, Sagynbay, aliishi ua wa pili, ng'ambo ya ukuta wa udongo. Walimkuta akimwaga majivu ya jiko kwenye njia ya zizi ili kondoo wasiteleze. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama, na aliendelea kumwaga hadi ndoo ilipokwisha ndipo akasalimu. Burulkan aliitikia salamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari lililoegeshwa kando ya zizi. Alichuchumaa mbele yake. Akatoa ile picha. Akaweka kidole kwenye tairi la mbele, akakiweka kwenye picha.

"Kaka Dooron."

Dooron aliinama, akapumua kwa nguvu. "Kashata zile zile," alisema polepole. "Hata mpangilio wa misumari midogo ya tairi ni ule ule."

Akamtazama Sagynbay, na mkono wake ukaenda kiunoni ulikokuwa mkanda wa pingu.

"Siku ile ulikuwa wapi?" Burulkan aliuliza akiwa bado amechuchumaa.

"Hapa. Kondoo jike watatu walikuwa wanatupa mimba."

"Nani alikuona?"

"Kondoo."

"Jibu vizuri," Dooron alisema.

"Nimejibu vizuri. Mke wangu alikuwa kwao. Mkiwaita kondoo waje kutoa ushahidi, mimi sina pingamizi."

"Mligombana na mdogo wako kuhusu nini?"

Sagynbay aliweka ndoo chini kifudifudi, akaikalia. "Magurudumu."

"Magurudumu gani?"

"Haya." Alionyesha kwa kidevu. "Baba aliacha magurudumu manne ya theluji, yakiwa na ringi zake, mazuri, ya kweli, si yale ya vipara yanayouzwa sokoni kwa kupakwa rangi. Ilipofika siku ya kugawana vitu, mkubwa alipata tandiko, mdogo alipata nyumba, ndivyo ilivyo. Yakabaki magurudumu. Melis akasema yasitenganishwe. Akasema, yakae yote manne kwenye gari moja, tulitumie kwa zamu. Mimi nikamwona mjanja. Nyumba kachukua, sasa anataka na magurudumu. Nikasema mbele ya watu, gari gani hilo moja, lako? Mama akaona aibu, akasema, gawaneni mbili mbili, yaishe."

"Mkagawana."

"Tukagawana. Baba alikuwa ameyaandika kwa chaki, kushoto mawili, kulia mawili. Mimi nikachagua kwanza, nikachukua ya kushoto." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nikasema, mimi nachukua upande wa wanaume. Yeye achukue wa kulia, akae na wanawake jikoni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka."

Dooron, ambaye angecheka siku nyingine yoyote, alitazama pembeni. Kila mtu pale alijua hema la sufu linavyopangwa: ukiingia, kushoto ni kwa wanaume, kulia ni kwa wanawake. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujua jina la baba yake.

Burulkan alisimama. "Mawili ya kushoto uliyafunga wapi?"

"Mbele yote mawili. Mbele ndiko kunakovuta. Nyuma nimeacha ya kiangazi."

"Na Melis?"

"Hivyo hivyo. Nani atafunga nyuma kitu kizuri?"

"Liwashe gari," Burulkan alisema. "Kata usukani kulia, uje mbele taratibu hadi nikunyooshee mkono. Mbele tu. Usirudi nyuma hata kidogo."

"Afande, mnanikamata au mnanipa mtihani wa leseni?"

"Washa gari, kaka Sagynbay."

Sehemu ya ua iliyo karibu na lango ilikuwa na theluji ya jana, haijakanyagwa. Gari liliunguruma, likaja likizunguka, likasimama mkono ulipoinuka. Burulkan alitembea kando ya alama zake, akainama, akatembea tena. Kisha akamwita Dooron bila kusema neno, kwa kidole tu.

Mstari wa kushoto ulikuwa na mikono inayofunguka mbele, lilikoelekea gari. Mstari wa kulia ulikuwa na mikono inayofunguka nyuma.

"Limepita mara ngapi?" Burulkan aliuliza.

"Mara moja," Dooron alisema. "Nimeliona kwa macho yangu."

"Na kama ungekuta alama hizi bila kuliona?"

Dooron alivua kofia, akaipiga kwenye paja kuondoa theluji ambayo haikuwepo.

"Tairi la kushoto limetengenezwa lizunguke upande mmoja," Burulkan alisema, zaidi kwa Sagynbay aliyekuwa ameshuka na kusimama bila kuelewa. "Ubavuni kuna mshale. Ukilichukua na ringi yake ukalifunga kulia, linazunguka kinyumenyume. Wewe una mawili ya kushoto, kwa hiyo moja la mbele liko sawa na moja linarudi nyuma. Melis alikuwa na mawili ya kulia. Kwake pia moja sawa, moja kinyume. Ila kwake lililo sawa ni la kulia."

Aliweka ile picha juu ya boneti lenye joto. Wote watatu wakaiinamia. Mstari wa kulia, mikono mlimani. Mstari wa kushoto, mikono mjini.

"Si lako," alimwambia Sagynbay. "Lako lingekuwa kinyume cha hivi, hata ungepita kwenda au kurudi. Hili ni la Melis. Na limepita mara moja."

"Kutoka mjini," Dooron alisema, polepole, kama anayehesabu shanga. "Maana asubuhi alionekana mjini, na theluji ilianguka mchana. Aliingia. Hakutoka huku. Na kule upande wa kijijini nilikwenda mwenyewe, hakutokea."

"Basi yuko wapi?" Sagynbay aliuliza.

Burulkan aliinua macho kuelekea mlimani. Sagynbay alikwenda zizini akatoka na sepetu mbili na kamba.

Gari la polisi lilikuwa na matairi ya theluji yote manne, na Burulkan alikagua mishale yake kabla ya kupanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Dooron alipakia mfuko wa mchanga na minyororo. Sagynbay alikaa nyuma na sepetu magotini. Waliingia kwa upande wa kijijini, ambako njia ilikuwa pana zaidi.

Burulkan aliendesha kwa gia ya pili. Kabla ya kila kona aliachia mafuta mapema, akaliacha gari lijipunguze lenyewe, na ndani ya kona hakugusa breki. Dooron, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu mambo hayo na kuwatoza faini wakiyasahau, alikaa akishika mpini wa mlango.

"Unaogopa, kaka Dooron?"

"Siogopi. Nashika mlango usianguke."

Sagynbay aliongea kutoka nyuma, kama anayejisemea. "Baba alikuwa anatuambia, tairi la kiangazi kwenye baridi ni jiwe. Halishiki, linagonga. Alikuwa anaziba kisima na kubadilisha magurudumu siku moja, kila mwaka."

"Manne yote?"

"Manne yote." Baadaye akasema, "Mbele likishika na nyuma lisishike, gari linakuwa kama farasi aliyefungwa kichwa tu. Mbele anatulia, matako yanazunguka. Tulilijua hilo, afande. Tulilijua wote wawili. Siku ya kugawana nani anafikiria farasi?"

Juu ya bega la mlima upepo ulikuwa umefanya kazi yake. Theluji kavu iliyoanguka alfajiri ile na siku zilizofuata ilikuwa imepeperushwa yote kwenye kingo za wazi, na chini yake zilisimama alama za gari. Hazikuwa mashimo. Pale tairi lilipokanyaga majimaji, theluji ilishindiliwa ikawa barafu, na upepo ulipokula theluji laini ya pembeni, alama zilibaki zimeinuka kama mshono juu ya nguo. Walishuka wakazifuata kwa miguu. Sasa walikuwa wanatembea kuelekea zilikotoka. Mikono ya mstari mmoja ilikuwa inawapokea, na ya mstari wa pili inawapa mgongo.

"Alifika mpaka huku," Dooron alisema. "Bega lote alilivuka. Alikuwa amebakiza kushuka tu."

"Hatujaona alama zinazoshuka," Burulkan alisema.

Walirudi hatua chache, hadi mahali njia ilipoanza kuinama kuelekea kijijini na kukata kona. "Tulipopita hapa," Burulkan alisema, "theluji iliyorundikana ndani ya kona ilikuwa imezificha." Walifagia kwa sepetu. Alama za mbele zilionekana zikiingia kona vizuri, mikono yake wazi. Mistari laini ya nyuma haikukata ndani. Ilitoka nje, ikapanuka, ikapanuka zaidi, mpaka ikavuka zile za mbele na kuelekea ukingoni.

"Aligusa breki," Dooron alisema.

"Au aliachia mafuta ghafla. Inatosha."

Chini ya ukingo kulikuwa na korongo fupi lenye vichaka vya mreteni, na kati ya vichaka kulikuwa na kichuguu cha theluji ambacho hakikuwa na sababu ya kuwa pale. Ukisimama njiani, paa la nyumba ya Mama Uulkan lilionekana, na moshi wake.

Sagynbay ndiye aliyeshuka kwanza. Hawakumzuia. Walichimba kwa zamu, bila haraka, na kelele pekee ilikuwa ya sepetu. Paa la gari lilitokea, kisha kioo. Melis alikuwa kwenye usukani, kofia yake ya manyoya kichwani, kichwa kimeegemea mlango. Baridi ilikuwa imemtunza. Burulkan alivua glavu akamgusa shingoni, kwa sababu utaratibu ndivyo unavyotaka, akaandika alichoona kwa kalamu iliyokataa kutoa wino mpaka alipoipuliza.

Dooron alifungua mlango wa nyuma, akabaki ameushika.

"Kapteni."

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na matairi mawili yamefungwa kamba. Kwenye buti kulikuwa na mengine mawili. Ya theluji, mapya, karatasi za dukani bado zimebandikwa juu ya kashata.

"Huyu ndiye farasi," Dooron alisema.

Alizunguka gari akayatazama matairi ya nyuma, yale ya kiangazi, laini kama kisigino. Akarudi. Uso wake ulikuwa umeiva kwa baridi na kwa kitu kingine. "Lakini kwa nini hakuyafunga? Mjini kila kona kuna fundi tairi. Nusu saa tu! Alikuwa na manne mazima kwenye gari, akapanda mlima na mawili ya kiangazi. Kwa nini?"

Burulkan alimtazama Sagynbay, kwa sababu jibu lilikuwa lake.

Sagynbay alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, anasoma ile karatasi ya dukani kama mtu asiyejua kusoma. Alipitisha kiganja juu ya kashata.

"Mawili yangu, mawili yake," alisema. "Ukiunganisha na ya baba, manane. Kila gari manne." Akaigusa kamba iliyoyafunga. "Hakuyafunga kwa sababu mimi sijachagua. Vitu vipya vya nyumba, mkubwa huchagua kwanza, mama akaviombea dua, ndipo vinatumika. Alikuwa ananiletea nichague."

Dooron alivaa kofia yake, akaivua tena.

Walimpandisha Melis njiani kwa kamba na blanketi la polisi. Sagynbay alibeba upande wa kichwa. Walipofika kwenye gari la polisi alikataa kukaa mbele, akakaa nyuma na mdogo wake, na Burulkan akateremka mlima kwa gia ya kwanza, taratibu kuliko alivyopanda.

Zuura alikuwa amesimama langoni. Aliwaona watu watatu waliokwenda na jinsi walivyokuwa wanashuka kwenye gari, akajua. Alishika nguzo. Mama Uulkan alikuja nyuma yake akiwa amevaa kiatu kimoja.

Burulkan alikuwa amekwisha sema maneno haya katika nyumba nyingi, na alikuwa na namna yake ya kuyasema. Lakini Zuura alimtangulia.

"Niambie moja tu, afande. Alikuwa anakwenda au anakuja?"

"Alikuwa anakuja."

"Huku?"

"Huku. Alikuwa amemaliza kupanda. Alikuwa anashuka nyumbani."

"Na farasi?"

"Alinunua matairi ya theluji. Manne. Yako kwenye gari."

Zuura alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Alifungua fundo la kitambaa chake chenye maua mekundu, akakivua, akakikunja mara mbili, akampa mama mkwe akishike. Kisha akageukia ukuta, akaweka mikono kiunoni kama wajane wa huko wanavyoweka, na sauti ikamtoka, ndefu, yenye jina la Melis ndani yake. Majirani walianza kutoka milangoni. Yule aliyeuliza habari za watoto wa Urusi alikuja mbio na shuka nyeupe mkononi.

Luteni Dooron alikaa ndani ya gari la polisi na jalada juu ya usukani. Aliukata mstari wa mwisho aliouandika, akaandika mwingine chini yake, akampa Burulkan. Safari hii kapteni alitia sahihi.

Sagynbay alikuwa uani, anakokota miti ya hema la sufu la msiba kutoka ghalani. Aliipima ardhi kwa macho, akachagua mahali pakavu mbele ya dirisha la jikoni, akaanza kufagia theluji. Mama Uulkan alimwambia neno moja, naye akaitikia.

Hema litasimamishwa kesho asubuhi. Melis atalazwa kushoto, upande wa wanaume.